Nimeonja chokoleti nyeusi sita za fundi mmoja mdogo, na ile isiyotiwa kitu ndiyo imenichanganya

Mlamba_Kijiko (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita nililetewa zawadi ya mabamba sita ya chokoleti nyeusi. Yametengenezwa na fundi mdogo, wale wanaonunua mbegu za kakao zenyewe, wakazikaanga, wakazipepeta, wakazisaga na kumimina chokoleti kwa mikono yao. Karatasi inasema ni ya kilimo hai, kakao asilimia 70, mbegu kutoka bonde la Sambirano, kaskazini-magharibi mwa Madagaska. Bamba moja ni tupu, yaani kakao na sukari basi. Matano yametiwa ladha: chumvi, chungwa, rasiberi, pilipili na mnanaa.

Nimeonja na dada yangu na shemeji kwa jioni nne. Majibu yangu haya hapa, alama ni kati ya 10.

Chumvi ndiyo iliyoniteka. Haikuchanganywa ndani, punje zimenyunyizwa mgongoni mwa bamba, kwa hiyo ukiweka kipande mgongo chini, ulimi unakutana na chumvi kwanza, halafu utamu unafunguka kama pazia. 9.

Chungwa: hakuna vipande vya ganda, ni harufu tu, lakini harufu yenyewe inakufikia kabla hujafungua karatasi vizuri. Safi. 8.

Pilipili: sekunde kumi za kwanza hakuna kitu. Shemeji akaanza kumcheka fundi, "hapa pilipili imepita kwa miguu". Kufika sekunde ya ishirini alikuwa anatafuta maji. 7.

Rasiberi: chachu ya kupendeza, lakini kuna vijimbegu vinavyoingia kwenye meno na kukaa hapo mpaka asubuhi. 6.

Mnanaa: samahani sana fundi, lakini nilihisi napiga mswaki. 4.

Sasa hiyo tupu. Inang'aa, ukiivunja inalia tak! Mdomoni uchungu ni wa wastani, sawa. Lakini mwishoni kuna kiubaridi fulani kinapanda puani. Nimesoma watu wanaisifu kakao ya Madagaska kwamba ina matunda ndani yake. Mimi matunda sijayaona, nimeona ubaridi. Nimeipa 5, na roho inaniambia kosa ni langu. Wajuzi mko wapi?

Mzee_wa_Maziwa

Mkuu, umetumia jioni nne kutafuna vitu vichungu na bado unauliza kosa ni la nani? Chokoleti ni ya maziwa. Hizo nyingine ni dawa ya minyoo iliyovalishwa suti.

Chungu_Tamu

Mzee, kila uzi wa chokoleti lazima upite hapa na kopo lako la maziwa 😂

Mleta uzi, asante kwa maelezo. Nimeweka kiti, nasubiri wajuzi.

Fundi_wa_Kinu

Mlamba_Kijiko, nina maswali mawili kabla sijasema lolote. La kwanza, ulionja kwa mpangilio gani? La pili, mabamba hayo baada ya kuyafungua uliyahifadhi wapi?

Nauliza kwa sababu nami nina kinu kidogo cha mawe nyumbani, nasaga kakao kwa kujifurahisha, na mbegu za Sambirano nimezisaga si mara moja. Hazina ubaridi. Zina chachu, ya matunda mekundu na ya ndimu kidogo. Ukikosa hiyo, kuna kitu kimeingilia.

Mlamba_Kijiko

Mpangilio: jioni ya kwanza mnanaa na chungwa, ya pili pilipili na rasiberi, ya tatu chumvi, ya nne tupu. Niliona tupu iwe ya mwisho kama hitimisho.

Kuhifadhi: yote sita niliyafungua siku ya kwanza ili tuyaone rangi, kisha nikayaweka kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko mzuri.

Fundi_wa_Kinu

Pamoja? Bila karatasi?

Mlamba_Kijiko

Pamoja. Bila karatasi. Naanza kuelewa unakonipeleka, na sipapendi.

Mzee_wa_Maziwa

😂😂😂 Kesi imekwisha. Mnanaa umekula majirani zake wote kopo zima.

Fundi_wa_Kinu

Ndiyo hivyo. Kiini cha mbegu ya kakao, ukishaondoa ganda, zaidi kidogo ya nusu ya uzito wake ni mafuta, ile siagi ya kakao. Na mafuta hunasa harufu kuliko kitu chochote jikoni. Ukiweka chokoleti karibu na sabuni, baada ya siku chache unakula sabuni. Karibu na vitunguu, hivyo hivyo. Sasa wewe umeifungia siku nne ndani ya kopo lisilopitisha hewa pamoja na mnanaa, ambao mafuta yake yanaruka hewani upesi ajabu. Kilichokupanda puani si Madagaska, ni jirani.

Hata hizo alama nyingine usiziamini sana. Chungwa uliionja siku ya kwanza kabla kopo halijafanya kazi yake, ndiyo maana ukaiona safi. Chumvi iliponea kwa sababu kazi yake ni ya ulimi, si ya pua.

Na mpangilio uligeuza juu chini. Tupu ndiyo ya kwanza, siku zote. Usipoijua tupu, utajuaje kile fundi alichoongeza kimesaidia au kimefunika? Baada ya tupu njoo kwenye chumvi, halafu matunda, halafu viungo, pilipili karibu na mwisho, mnanaa mwisho kabisa, na ikibidi siku nyingine. Kati ya moja na nyingine kunywa maji ya uvuguvugu. Maji baridi yanagandisha mafuta ulimini na utaonja nta.

Nukta_Saba

Samahani nitie mchanga kidogo kwenye pilau. Hii "kilimo hai" iliyoandikwa kwenye karatasi, inaongeza nini kwenye ladha? Naona kila mtu siku hizi anabandika.

Chungu_Tamu

Mimi naonja tofauti. Ya kilimo hai ni safi zaidi.

Nukta_Saba

Safi zaidi ulimini au kichwani?

Fundi_wa_Kinu

Nukta_Saba ana hoja, na nitaijibu kwa uaminifu hata kama naipenda kakao ya kilimo hai. Ile alama inaeleza shamba lilivyolimwa: hakuna mbolea za viwandani, hakuna dawa nyingi za kuua wadudu zinazotengenezwa maabara, na kuna mkaguzi anayepita. Ulaya na Marekani, ili bidhaa iitwe ya kilimo hai, angalau asilimia 95 ya viambato vyake vinavyotokana na kilimo lazima viwe hivyo. Maji na chumvi havihesabiwi. Kwa hiyo ile ya chumvi iliyompendeza mleta uzi, chumvi yenyewe haimo kwenye hesabu kabisa.

Ladha inaamuliwa kwingine. Inaamuliwa na aina ya mkakao, halafu na mavundiko. Hapo nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi wanaparuka. Tunda la kakao likipasuliwa, mbegu hutoka zimevikwa utando mweupe mtamu. Zinavundikwa, kwenye masanduku ya mbao au zikifunikwa majani ya migomba, kwa siku kama tano hadi saba. Hamira ya asili hula ule utamu na kutoa pombe, kisha bakteria wanaigeuza pombe kuwa siki. Lundo linapanda joto mpaka nyuzi 45 au 50 za Selsiasi. Mbegu inakufa, kuta zake za ndani zinavunjika, na hapo ndipo vinazaliwa vile vitu ambavyo moto wa kukaangia utavigeuza kuwa ladha ya chokoleti. Mbegu isiyovundikwa ukiikaanga na kuisaga haikupi chokoleti. Inakupa uchungu na ukakasi, basi. Mkulima anaweza kuwa na cheti cha kilimo hai na akavundika vibaya. Mwingine hana cheti kwa sababu cheti kina gharama, hajawahi kumwagia shamba lake dawa yoyote, na mavundiko yake ni ya kifalme.

Nukta_Saba

Jibu kama hili ndilo nalolitafuta. Na yale madini mazito watu wanayoyasema?

Fundi_wa_Kinu

Kadimiamu, moja ya hayo madini mazito yenye sumu, inatoka kwenye udongo, mkakao unainyonya kwa mizizi. Kilimo hai hakiizuii. Baadhi ya maeneo ya Amerika ya Kusini udongo wake unayo nyingi kuliko kwingine. Umoja wa Ulaya tangu 2019 umeweka kikomo cha miligramu 0.80 kwa kilo kwa chokoleti yenye kakao asilimia 50 na kuendelea. Fundi makini hupima mbegu zake au hununua kwa mtu aliyepima. Unaweza kumuuliza. Akikasirika, umeshapata jibu.

Kimya_Sana

Mimi ni msomaji tu humu, leo nimejikuta naandika. Nina bamba langu la chokoleti nyeusi limepata weupe kama vumbi juu yake. Ni ukungu? Nilitupe?

Fundi_wa_Kinu

Karibu Kimya_Sana, usitupe. Mara nyingi weupe huo si ukungu. Ama mafuta yamepanda juu, ama sukari. Gusa kwa kidole: ukiteleza na weupe ukayeyuka, ni mafuta, chokoleti yako ilipata joto kisha ikapoa ovyo. Ukihisi ukwaru kama mchanga, ni sukari, chokoleti ilipata unyevu, labda ilitoka kwenye friji ikatokwa jasho. Zote mbili unakula bila shida, ila mlio wa kuvunjika na ulaini utakuwa umepotea.

Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa namna sita tofauti, na ni moja tu, ya tano, inayotupa mng'ao, ule mlio wa tak!, na kuyeyuka kwenye nyuzi kama 34, chini kidogo ya joto la mwili. Ndiyo maana inasubiri mdomo. Ili kuipata, chokoleti nyeusi tunaiyeyusha mpaka nyuzi 45 au 50, tunaipoza mpaka 27 au 28, kisha tunaipandisha kidogo mpaka 31 au 32 ndipo tunamimina. Nimeshapoteza usiku mzima kwa sababu ya nyuzi mbili. Mke wangu anaijua hadithi hiyo, sitaki airudie hapa.

Ua_la_Jioni

Naomba kuuliza jambo la kawaida. Mimi nikila chokoleti usiku silali. Ni kweli au najidanganya?

Chungu_Tamu

Dada Ua, ina kafeini ila si nyingi. Chokoleti ya asilimia 70 hadi 85, gramu 100 zina takriban miligramu 80 za kafeini. Kipande cha gramu 10 kinakupa kama 8. Kikombe cha kahawa kina mara kumi ya hiyo. Lakini ina pia theobromini nyingi zaidi, kama miligramu 800 kwa gramu 100, ambayo ni ndugu mpole wa kafeini. Ukila kipande kimoja utalala. Ukila bamba zima, tukutane humu saa nane za usiku. Na kama una mbwa, asiguse kabisa, miili yao haiwezi kuiondoa theobromini upesi, inaweza kuwaua.

Ua_la_Jioni

Kumbe. Nilikuwa nakula bamba zima. Asante mpendwa.

Mzee_wa_Maziwa

Ya maziwa inakulaza kama mtoto. Nimemaliza.

Tumbo_la_Pweza

Mleta uzi, kuhusu pilipili, usimcheke fundi kwamba anaiga mitindo ya mjini. Hiyo ndiyo namna ya zamani kabisa. Watu wa Meksiko na nchi jirani waliinywa kakao na pilipili karne nyingi kabla ya kufika Wahispania. Ilikuwa kinywaji chenye povu, si kitu cha kutafuna. Bamba la kutafuna ni la juzi tu: mashine ya kukamua siagi ya kakao ilisajiliwa Uholanzi mwaka 1828, kampuni ya Fry ya Bristol ikatoa bamba la kula mwaka 1847, na ule ulaini wa kuteleza tulioupenda ulikuja na kinu cha Rodolphe Lindt kule Uswisi mwaka 1879, chokoleti inakorogwa kwa saa na saa mpaka siki inaruka na ukwaru unaisha.

Mlamba_Kijiko

Hapo kwenye pilipili nilitaka kuuliza. Kwa nini inachelewa? Ningeweka pilipili kwenye mchuzi ingenijibu hapo hapo.

Fundi_wa_Kinu

Kwa sababu ule ukali unakaa ndani ya mafuta. Mpaka siagi ya kakao iyeyuke, ukali umefungiwa. Ikiyeyuka unatoka wote kwa pamoja. Na maji aliyoyakimbilia shemeji yako hayakumsaidia, kwa sababu ukali huo hauyeyuki kwenye maji. Angekunywa maziwa.

Mzee_wa_Maziwa

NILISEMA.

Fundi_wa_Kinu

Hiyo nakupa, Mzee.

Halafu pilipili si ladha hasa, wala mnanaa. Pilipili inagusa mishipa ya fahamu inayohisi moto, mnanaa ile inayohisi baridi. Ulimi unadanganywa kwamba kuna moto au barafu. Ladha halisi za ulimini ni chache: tamu, chungu, chachu, chumvi, na ule utamu wa supu ya nyama. Chungwa na rasiberi, ukiondoa chachu yake, ni kazi ya pua. Jaribu: ziba pua, tafuna ya chungwa, usikie nini. Kisha achia pua.

Chungu_Tamu

Na chumvi? Mimi nadhani inafanya kazi kubwa kuliko zote.

Fundi_wa_Kinu

Chumvi inapunguza makali ya uchungu, na uchungu ukirudi nyuma utamu uliokuwepo tayari unasonga mbele. Haijaongeza sukari hata punje. Ndiyo maana inakubalika na kila mtu. Ndiyo maana pia fundi mwenye mbegu mbovu huikimbilia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na chokoleti hivyo hivyo: fundi akishajua watu wanapenda ya chumvi, ana kishawishi cha kuficha kakao duni chini yake. Fundi mwaminifu utamjua kwa tupu yake.

Nukta_Saba

Swali la mwisho kutoka kwangu, kisha ninyamaze. Wanatiaje hizo ladha? Juisi ya chungwa ndani ya chokoleti?

Fundi_wa_Kinu

Thubutu! Tone la maji likiingia kwenye chokoleti iliyoyeyuka, sukari inalinyonya, chembe zinashikana, na bakuli zima linageuka udongo wa mfinyanzi. Kwa hiyo hakuna juisi, hakuna tunda bichi. Chungwa huja kama mafuta yaliyokamuliwa kwenye ganda, matone machache yanatosha bamba nyingi. Rasiberi hukaushwa kwa kugandishwa mpaka maji yote yatoke, kisha husagwa unga. Pilipili kavu na mdalasini unaweza kuvisaga pamoja na kakao kwenye kinu. Ninavyoona mimi hiyo ndiyo namna bora, kwa sababu kiungo kinakaa saa nyingi na kakao mpaka wanazoeana. Vile vijimbegu vya rasiberi vilivyomkera mleta uzi, fundi angeweza kuvichunga. Hapo amepitiwa.

Tumbo_la_Pweza

Na asilimia 70 ya tupu na 70 ya pilipili ni sawasawa? Maana niliwahi kula 70 mbili za mafundi wawili, moja kali kama adhabu, nyingine laini kama siagi.

Fundi_wa_Kinu

Asilimia inajumlisha kila kilichotoka kwenye mbegu: mbegu yenyewe na siagi ya kakao iliyoongezwa. Mmoja anaweka 70 yote mbegu. Mwingine anaweka 60 mbegu na 10 siagi. Zote zitaandikwa 70. Wa pili atakupa ulaini, wa kwanza atakupa makali. Sukari kwa wote ni karibu 30. Soma orodha ya viambato: ikiwa ni mbegu za kakao na sukari tu, unajua uko na wa kwanza.

Mlamba_Kijiko

Wakuu, nimerudi. Zimepita siku tisa. Nimepata bamba jipya la tupu na la rasiberi, nikayafungia kila moja kwenye karatasi yake na chupa yake. Mnanaa nimeutoa kwenye mchezo.

Tulifanya hivi: shemeji alikata vipande vidogo vya tupu, chungwa, rasiberi, chumvi na pilipili, akavipanga kwenye sahani bila kutuambia kipi ni kipi. Mimi na dada tulifungwa macho kwa khanga. Pilipili tu ndiyo tulijua ingekuja mwisho. Mzunguko wa kwanza tukaziba pua.

Pua ikiwa imezibwa: chumvi tuliijua wote, mara moja. Pilipili tuliijua, ilichelewa vile vile. Rasiberi tuliijua kwa vijimbegu, sihesabu kama ushindi. Tupu na chungwa hatukuweza kuvitenganisha kabisa. Mimi nilisema tupu ni chungwa. Dada alisema vyote viwili ni tupu. Kisha shemeji akasema "achieni pua" nikiwa na kipande mdomoni, na lile chungwa likaingia kichwani kama mtu amepiga mlango teke. Sijawahi kuona jambo kama hilo. Jaribuni, hata watoto watalipenda.

Mzunguko wa pili, pua wazi. Kipande cha kwanza dada akakiacha kiyeyuke, akatulia muda mrefu, akasema kwa uhakika wote wa dada mkubwa: "Hii ni rasiberi. Siulizi." Mimi nami nikakubali, kulikuwa na chachu tamu inayokuja taratibu kutoka nyuma, kama tunda jekundu lililoiva karibu kupita kiasi, na mwishoni ndimu. Nikasema rasiberi.

Ilikuwa tupu.

Kipande cha tatu kikaja na vijimbegu, dada akafungua khanga mwenyewe, akaangalia sahani, akamwangalia mume wake kana kwamba ndiye aliyemdanganya.

Chungu_Tamu

Nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta.

Fundi_wa_Kinu

Hayo ndiyo matunda uliyoyasoma. Hakuna aliyeyatia. Yalitoka kwenye mkakao na yale mavundiko niliyoyaeleza juu.

Tumbo_la_Pweza

Bibi yangu aliiita Madagaska Bukini. Alisema kila kitu cha Bukini kina ujanja ndani yake. Leo nimemwelewa.

Nukta_Saba

Kwa hiyo fundi ametia rasiberi kwenye kakao ambayo tayari ina rasiberi? Si kupoteza tunda?

Fundi_wa_Kinu

Inategemea alitaka nini. Wapo wanaochagua kiungo kinachofanana na mbegu ili kuikuza, na wapo wanaochagua kinachopingana nayo. Mimi kwa mbegu hii nisingetia rasiberi, ningetia chumvi au ningeiacha. Lakini ni bamba lake, si langu.

Mlamba_Kijiko

Alama mpya: tupu imepanda kutoka 5 mpaka 9. Chumvi imebaki 9, dada anasema 10. Chungwa 8. Rasiberi imeshuka mpaka 5, kwa sababu sasa najua tunda lilikuwemo bila vijimbegu. Pilipili 7. Mnanaa sijaurudia, kwa hiyo nauacha na 4 yake, ingawa Fundi_wa_Kinu anaweza kusema sijautendea haki.

Fundi_wa_Kinu

Hujautendea haki. Lakini nakuelewa.

Ua_la_Jioni

Na lile kopo la biskuti?

Mlamba_Kijiko

Nimeliosha mara tatu. Biskuti zilizowekwa jana zina mnanaa.

Mzee_wa_Maziwa

Hizo biskuti zilete huku, nina maziwa ya moto.